MAHAKAMANI BILA WAKILI: MASKINI ATATETEWA NA NANI?



Vikundi vinapokutana hapa Mabanga, mazungumzo mengi huwa ni ya mbegu, mbolea, ng'ombe wa maziwa na deni la kikundi. Lakini wakati wa chai mama mmoja humvuta mwenzake kando na kumwambia polepole: "Kijana wangu ameshikwa. Yuko rimandi. Sijui nianzie wapi."

Kuanzia siku hiyo pesa ya mbolea inakuwa nauli ya kwenda Bungoma au Kitale. Mbuzi anauzwa, kisha ndama. Kesi inaahirishwa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Mchango wa kikundi haulipwi tena. Mwisho kijana anafungwa, na nyumbani hakuna anayeweza kueleza vizuri ni kwa nini.

Watu wengi hudhani haya ni mambo ya mawakili, si ya kikundi cha maendeleo. Sisi tunasema ni ya kikundi. Boma likipoteza kijana wa kulima na mifugo yote kwa sababu ya kesi moja, kazi ya kikundi ya miaka mitatu imerudi nyuma. Kwa hivyo katika makala hii tutaeleza kwa nini mtu asiye na wakili hushindwa kesi hata kama hana kosa, sheria ya Kenya imemwahidi nini, na kikundi kinaweza kufanya nini.

MFANO WA KIJANA WA BODA BODA

Mfano huu tumeutunga wenyewe, lakini mambo yaliyomo hutokea.

Usiku mmoja watu watatu wanamvamia mwenye duka. Wanampiga, wanachukua simu na pesa za mauzo. Baada ya siku tatu kijana wa boda boda wa miaka ishirini anashikwa. Mwenye duka anasema alimtambua. Kijana anashtakiwa kwa wizi wa mabavu, chini ya kifungu cha 296(2) cha Sheria ya Makosa ya Jinai. Kifungu hicho adhabu yake ni kifo. Na si lazima mtu awe na bunduki. Wezi wakiwa wawili au zaidi, au akiwa na silaha ya hatari, au mtu akipigwa wakati wa wizi, jambo moja kati ya hayo linatosha.

Siku ya kusikiza kesi mwenye duka anasema: "Nilimwona. Ndiye huyu."

Hakimu anamgeukia kijana: "Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?"

Kijana anajibu: "Huyu mzee ananisingizia. Mimi usiku huo nilikuwa nimelala kwetu."

"Hayo utasema wakati wa kujitetea. Sasa ni wakati wa kuuliza swali."

Kijana ananyamaza. Kisha anasema: "Sina swali."

Shahidi anashuka. Ni dakika chache tu zimepita, na kesi karibu imekwisha, ingawa kijana mwenyewe hajui.

Wakili angeuliza hivi: Usiku huo kulikuwa na mwanga gani? Ulikuwa wa stima, wa koroboi, au wa tochi ya wezi wenyewe? Taa ilikuwa upande gani? Ulimwona kwa muda gani kabla hujapigwa? Ulikuwa unamjua kijana huyu mbeleni? Kama ulimjua, mbona hukutaja jina lake ulipopiga ripoti usiku ule ule? Kitabu cha OB kisomwe, tuone uliwaambia polisi nini.

Maswali haya si ujanja. Katika kesi ya Maitanyi mwaka 1986, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema kwamba shahidi mmoja anapodai kumtambua mtu usiku, lazima ichunguzwe mwanga ulikuwa wa aina gani, ulikuwa na nguvu kiasi gani, na ulikuwa wapi. Mtu mkweli pia hukosea sura. Hata sisi huita mtu kwa jina njiani, akigeuka tunaona siye.

Sheria hiyo nzuri ipo, lakini kijana haijui, na hakuna aliyesimama upande wake kuitaja. Hakimu anaweza kuuliza mawili matatu, ila yeye ni mwamuzi. Refa hawezi kuchezea timu moja.

MKONO MMOJA MREFU, MWINGINE MFUPI

Tazama mahakamani uone nani amekaa wapi. Upande mmoja yuko kiongozi wa mashtaka. Yeye hulipwa na serikali kupitia ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambayo Katiba ya 2010 iliipa uhuru wake. Anajua sheria, ana faili, na polisi wamemfanyia uchunguzi. Upande wa pili amesimama kijana peke yake, mara nyingi hata viatu vya kufunga hana.

Kwa miaka mingi serikali imekuwa ikimlipia wakili mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu. Hilo ni jema. Lakini kesi ya wizi wa mabavu husikizwa na hakimu wa mahakama ya chini, na huko desturi hiyo ya wakili wa kulipiwa haikufika. Kwa hivyo watu wawili wanaweza kuwa wanakabiliwa na adhabu ya kifo, mmoja akapewa wakili, mwingine akaambiwa ajitetee.

Kenya haijanyonga mtu tangu 1987. Lakini hukumu za kifo ziliendelea kutolewa. Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki alibadilisha hukumu za watu zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta alifanya hivyo kwa wengine 2,747. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema si halali kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo katika kila kesi ya mauaji bila kuangalia hali ya mtu na ya kosa. Lakini mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ilifafanua kwamba uamuzi ule ulikuwa wa mauaji peke yake. Wizi wa mabavu haukuguswa.

SHERIA IMETUAHIDI NINI?

Katiba, kifungu cha 50, inasema kila mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Anayo haki ya kuwa na wakili anayemtaka. Na kama bila wakili mtu atadhulumiwa vikubwa, serikali impe wakili na imlipie. Tena lazima aambiwe haki hiyo mapema, si baada ya kufungwa.

Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria. Ilianzisha Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria pamoja na mfuko wa pesa wa kazi hiyo. Inamtaka hakimu amweleze mshtakiwa asiye na wakili haki yake, na inapobidi aijulishe Huduma hiyo. Pia inawatambua wasaidizi wa kisheria, yaani watu wasio mawakili ambao wamefunzwa na kupewa kibali.

Basi je, kila maskini atapata wakili? Hapana. Mwaka 2017, katika kesi ya Karisa Chengo, Mahakama ya Juu ilisema haki hii haiji yenyewe kwa kila kesi. Huangaliwa uzito wa kosa, ukali wa adhabu, ugumu wa kesi, kama mshtakiwa ni mtoto, kama amesoma, na kama anaweza kulipa. Kwa hivyo ni lazima kuomba na kueleza sababu. Anayenyamaza hupitwa.

Na hapa ndipo shida ilipo. Ahadi iko kwenye karatasi, lakini Huduma hiyo haina mawakili wa kukaa katika kila mahakama kama walivyo viongozi wa mashtaka. Kinachokosekana ni wakili wa umma, yaani wakili anayelipwa mshahara na serikali, kazi yake kila siku ikiwa kumtetea mshtakiwa maskini. Kama kiongozi wa mashtaka yuko Bungoma, Kitale, Kimilili, Webuye na Sirisia, wakili wa umma naye awe huko.

"KWA NINI TUMTETEE MWIZI?"

Swali hili huulizwa katika kila mkutano, na ni swali la haki. Mtu aliyeibiwa ng'ombe hataki kusikia habari ya wakili wa mwizi.

Jibu la kwanza ni hili: akifungwa asiye mwizi, mwizi mwenyewe yuko nje. Atarudi kwako.

Jibu la pili tulilipata hapa kwetu kwa uchungu. Kati ya 2006 na 2008 kundi la SLDF lilitesa watu wa Mlima Elgon. Mamia waliuawa na maelfu wakahama mashamba yao. Machi 2008 serikali ilituma jeshi katika Operesheni Okoa Maisha. Wanaume kwa maelfu walikusanywa, wenye hatia na wasio na hatia pamoja, na mashirika ya haki za binadamu yaliandika kuhusu mateso katika kambi ya Kapkota. Mamia walifikishwa mahakamani Bungoma. Watu wakikusanywa kwa wingi hivyo bila wa kuuliza huyu amefanya nini na yule amefanya nini, asiye na kosa huumia na mwenye kosa hujificha kati yao. Mjane ambaye mumewe aliuawa hapati haki yake kwa njia hiyo.

Jibu la tatu: watu wakiona mahakama ni ya mwenye pesa, wanaamua kuhukumu wenyewe kwa mawe na moto. Tumeona vijana wakichomwa, na kesho yake ikajulikana siye. Hakuna rufani kwa mtu aliyechomwa.

Sisi Wakristo tunakumbuka Nikodemo, aliyewauliza wakuu wenzake kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza (Yohana 7). Hakusema Yesu aachiliwe. Alitaka asikilizwe kwanza.

WENGINE WALIFANYAJE?

Huko Marekani, mwaka 1961, mtu maskini aitwaye Clarence Gideon alishtakiwa katika jimbo la Florida kwa kuvunja jumba la mchezo na kuiba. Aliomba wakili, akakataliwa. Alijitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani aliandika ombi kwa penseli na kulipeleka Mahakama ya Juu. Machi 1963 mahakama hiyo iliamua kwamba mtu asiyeweza kulipa wakili katika kosa zito lazima apewe mmoja. Gideon alishtakiwa upya, safari hii akiwa na wakili aliyejua kuuliza maswali. Akaachiliwa. Kosa lilikuwa lile lile na mtu ni yule yule. Kilichoongezeka ni wakili.

Tusidhani huko mambo yamekuwa sawa kabisa. Mawakili wa umma wa Marekani hulalamika kwamba wana kesi nyingi kupita kiasi. Kuweka cheo bila pesa ya kutosha ni kama kujenga zahanati bila dawa.

Karibu nasi, Malawi, nchi yenye mawakili wachache, ilianza mwaka 2000 kupeleka wasaidizi wa kisheria magerezani. Waliwafundisha mahabusu jinsi kesi inavyokwenda, jinsi ya kuomba dhamana na jinsi ya kuuliza shahidi maswali, na wakafuatilia waliosahaulika rimandi. Kazi hiyo hata sisi tunaiweza.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Siku mtu anaposhikwa. Ulizeni yuko kituo gani, kosa ni lipi, na nambari ya OB. Mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Zikiishia usiku au siku mahakama imefungwa, apelekwe siku ya kazi inayofuata. Ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili au mtu wa kumsaidia. Asitie sahihi karatasi ambayo hajasomewa. Bondi ya polisi haina malipo. Mkitoa pesa ya dhamana, chukueni risiti yenye jina la aliyelipa, maana pesa hiyo hurudishwa kesi ikiisha. Pesa isiyo na risiti ni hongo, na hairudi.

2. Siku ya kusomewa mashtaka. Hapa ndipo wengi huanguka. Mtu huambiwa, "Sema ni kweli, mambo yaishe haraka." Akisema ni kweli, hakuna shahidi atakayeletwa, kinachofuata ni adhabu. Kama hakufanya, aseme si kweli. Kama hakuelewa lugha, aombe mkalimani, ambaye halipishwi. Kama alisema ni kweli kwa hofu, anaweza kuomba kubadilisha jibu kabla ya kuhukumiwa. Siku hiyo hiyo aseme wazi: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kulipa wakili. Naomba serikali inipe." Ombi hilo liandikwe kwenye faili.

3. Dhamana. Katiba inampa mshtakiwa haki ya dhamana kwa masharti ya kadiri, isipokuwa pakiwa na sababu nzito ya kumnyima. Hakimu akiuliza afisa wa probesheni, afisa huyo atakuja kijijini. Chifu, mzee wa mtaa na mwenyekiti wa kikundi waseme ukweli: anakaa wapi, anafanya kazi gani, kama anaweza kutoroka. Masharti yakiwa makubwa mno, mnaweza kuomba yapunguzwe. Lakini mdhamini akumbuke kwamba mtu akitoroka, yeye ndiye atakayelipa. Kikundi kisitoe hati ya shamba au pesa ya wanachama bila mkutano na kumbukumbu zilizoandikwa.

4. Kabla ya kusikiza kesi. Mshtakiwa aombe nakala za maandishi ya mashahidi. Ni haki yake kujua mapema ushahidi utakaotolewa. Mtafuteni mtu anayejua kusoma vizuri, mkae naye na mshtakiwa, muandike maswali. Swali liwe fupi na liulize jambo moja. Mashahidi wa mshtakiwa wakae nje ya chumba cha mahakama mpaka waitwe. Akina mama wengi huingia kusikiza kesi ya mtoto, na baadaye ushahidi wao hupungua nguvu kwa sababu walisikia wengine.

5. Wakati wa kujitetea. Mshtakiwa ana njia tatu: kusema kwa kiapo na kuulizwa maswali, kusema bila kiapo, au kunyamaza. Vyovyote atakavyochagua, anaweza kuita mashahidi. Yule kijana wetu aliyesema alilala kwao, waliokuwa nyumbani usiku huo waje waseme.

6. Baada ya hukumu. Rufani ya kutoka kwa hakimu ipelekwe ndani ya siku 14. Aliye gerezani huipitisha kwa mkuu wa gereza. Muda aliokaa rimandi unapaswa kuhesabiwa katika kifungo chake. Kwa makosa madogo, mtu anaweza kuomba apewe kazi ya jamii badala ya jela, chini ya sheria ya mwaka 1998.

Tahadhari moja. Kusaidia mshtakiwa si kumtisha shahidi wala kumhonga mlalamishi. Na kesi ya mtoto aliyenajisiwa isimalizwe kwa chifu kwa mbuzi wawili. Hiyo ni ya mahakama, na mtoto huyo ndiye wa kwanza kutetewa.

MABADILIKO TUNAYOTAKA

Kikundi kimoja hakiwezi kubeba mzigo wa serikali. Mwaka 2017 Baraza la Kitaifa la Utekelezaji wa Haki, ambalo linaunganisha mahakama, polisi, magereza na wengine, lilitoa ripoti ya ukaguzi wa mfumo wa haki za jinai nchini. Ilionyesha kwamba mfumo huo huwaelemea maskini, na kwamba wengi wanaoingia humo wameshikwa kwa makosa madogo kama ulevi au kufanya biashara bila leseni. Kwa hivyo si sisi tu tunaolalamika.

Tunapokutana na mbunge wetu, tumwulize mambo manne: Mfuko wa msaada wa kisheria umetengewa pesa ngapi mwaka huu? Ni lini wakili wa umma ataajiriwa katika kila mahakama yetu? Ni lini Bunge litaangalia upya kifungu cha 296(2), ili kijana aliyenyakua simu na mwenzake asiwekwe sawa na jambazi aliyeua? Na ni lini makosa madogo yataacha kujaza sero?

Tena kila mahakama ina kamati ya watumiaji wa mahakama, ambamo hakimu, polisi, magereza, probesheni na wananchi hukaa pamoja. Ulizeni karani inakutana lini na nani huwasemea wananchi. Kama ni kesi kuahirishwa kila mara, hapo ndipo mahali pa kusema.

Yule mama wa wakati wa chai hakuuliza njia ya kumtoa mtoto wake kwa hila. Aliuliza aanzie wapi. Kikundi kikiweza kumjibu hilo, ameshapata nusu ya wakili. Nusu nyingine ni deni la serikali, nasi tusichoke kulidai.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna mtu wa kijiji chetu aliye rimandi? Nani amemtembelea? Kesi yake itatajwa lini?
2. Je, tumewahi kutoa pesa ya dhamana bila risiti? Ilikuwaje?
3. Ni nani wawili katika kikundi wanaoweza kufunzwa usaidizi wa kisheria?
4. Tukiona mtu ameshikwa na umati, nani ataenda kwa polisi na nani atasimama mbele ya umati?